Mtetemo wa Breki Tulioutafuta Njia ya Ilongero

Mke mwenzangu mpendwa, Mama Salma,

Mtu akisikia mke anamwandikia mke mwenzake aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, atadhani kuna lawama iliyobaki. Haipo. Nina habari ya kukupa, lakini siwezi kukupa kabla sijapita kwanza kwenye ile pikapu, maana mimi na wewe tulikuwa watu wawili wa nyumba moja tu mpaka ilipoanza kutetemeka.

Unakumbuka ilivyokuja. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na watu wa kawaida wameanza kuagiza magari yaliyotumika kutoka Japani. Mume wetu alikuwa amefanya biashara ya vitunguu na alizeti maisha yake yote kwa kukodi malori ya wengine. Siku alipoiingiza ile pikapu nyeupe uani kwetu Mandewa, ulitoka na chetezo ukaifukiza ubani kuanzia boneti mpaka bodi ya nyuma. Halafu ukasema, kwa sauti ya chini, "Nimeiombea. Kuipanda sitaipanda."

Na kweli hukuipanda. Wewe mtoto wa mjini, uliyezaliwa dukani, uliogopa gari kuliko nyoka. Kwa hiyo Baba Salma akawa anakwenda na mimi kununua mizigo, kwetu Ilongero na kule Mgori, na njiani akanifundisha kuendesha kwa sababu alichoka kushika usukani peke yake. Nikapata leseni. Najua lilikuuma. Hukunitukana hata siku moja, lakini majiko yetu yalitazamana uani na hatukuwahi kuazimana hata chumvi.

Kisha kiharusi kikampata. Alitoka kuswali alasiri, akaegemea mlango, akaanguka. Tulimrudisha nyumbani kutoka hospitali akiwa amepooza upande mmoja, na maneno yake yakitoka kama mtu anayeongea huku anatafuna. Ukachukua wewe kazi ya kumlisha na kumgeuza. Nikachukua mimi pikapu.

Wakati huo ndipo mtetemo ulipoanza. Nikikanyaga breki nikiwa kwenye mwendo, usukani ulicheza mikononi kama umeshikwa na mtu mwingine anayeuvuta huku na huku. Nikiachia breki, unatulia. Mwanzoni ulikuwa mdogo, nikadhani ni barabara. Baadaye hata abiria aliyekaa pembeni yangu aliuona. Fundi wa kwanza, yule wa karibu na stendi, akasema ni matairi. Akayahamisha ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Mtetemo ukabaki vilevile. Wa pili akabadili pedi za breki za mbele, akanionyesha zile za zamani zilivyokwisha, nikaamini. Kwa siku chache gari likatulia, kisha mtetemo ukarudi na hasira zaidi.

Habari zikamfikia shemeji, mdogo wake mume wetu. Akaja na wazee wawili wa ukoo, wakaketi sebuleni, na Baba Salma amelala chumba cha pili mlango wazi, anasikia kila neno. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Wewe ulisimama.

"Shemeji zangu," akasema, "gari lenye breki mbovu ni jeneza. Na tusifichane, hii si kazi ya wanawake. Liuzwe. Nimekwisha kupata mtu wa Nzega, hataki hata kulijaribu."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimechoka, Mama Salma. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme sawa. Ukanitangulia.

"Huyo mtu wa Nzega atalipitisha wapi?" ukamuuliza.

"Barabara ni moja. Mteremko wa Sekenke."

"Akiwa na watu ndani?"

Shemeji akawatazama wazee.

"Basi gari haliuzwi mpaka tujue linaumwa nini," ukasema. "Mimi siwezi kumpa Mwislamu mwenzangu kifo nikakiita biashara. Tukishajua ugonjwa wake, tutaamua kama ni la kuuza au la kutibu."

Mzee mmoja akauliza ni nani atakayejua, ikiwa mafundi wameshindwa. Ulinionyesha kwa kidevu. "Yeye ndiye analiendesha. Na mimi nitakaa naye." Nilikutazama nikidhani sikusikia vizuri. Shemeji akaondoka akisema atarudi Ijumaa baada ya swala.

Asubuhi yake ulitoka umevaa buibui, umebana mkoba kwapani, midomo inacheza kwa dua. Ulipanda kama mtu anayepanda kitanda cha hospitali. Tukashika njia ya Ilongero kwa sababu greda lilikuwa limepita wiki ile na kile kipande kirefu cha kunyooka kilikuwa laini, kwa hiyo tusingechanganya mtetemo wa barabara na wa gari. Hilo ulilisema wewe. Uliniambia, "Tusikisie. Tuondoe moja moja, kama mchele. Likibaki jiwe tutaliona."

Kwanza nikaongeza mwendo bila kugusa breki. Usukani ukatulia tuli. "Basi si matairi," ukasema. "Yangekuwa matairi, lingetetemeka hata sasa." Kisha nikakanyaga breki. Usukani ukacheza ule mchezo wake, nawe ukashika dashibodi kwa mikono yote miwili, macho umefumba, lakini ukasema, "Rudia." Nikarudia, na tena. Ukaniuliza nausikia wapi, kitini au mikononi. Nikakujibu, mikononi, na kidogo mguuni kwenye pedeli, kama kitu kinanisukuma kidole.

Ndipo ukafanya jambo ambalo watu wa njia ile walilisimulia kwa muda mrefu. Ulishuka, ukapanda bodi ya nyuma, ukaketi katikati ya matairi, ukaweka viganja vyako viwili kwenye bati. Bibi mzima, mke wa mfanyabiashara, katika buibui, umekaa kwenye pikapu kama gunia la alizeti. Mwanamume mmoja aliyekuwa anaswaga ng'ombe alisimama akatuangalia mpaka tukampita. Nikakanyaga breki, ukagonga kioo cha nyuma: hakuna kitu. Nikapunguza mwendo, nikaivuta breki ya mkono taratibu, maana Baba Salma alinifundisha kwamba ile inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Gari likapungua bila kutikisika hata kidogo. Ukagonga tena kioo.

Uliposhuka uso ulikuwa umejaa vumbi, nywele zimechungulia kwenye mtandio. "Nyuma hakuna ubaya," ukasema. "Ugonjwa uko mbele." Nikakuona ukitabasamu, na nikatambua kwamba miaka yote ile nilikuwa sijawahi kukuona ukinitabasamia mimi.

Lakini mbele kuna magurudumu mawili. Tulikuwa tumesimama pembeni ya shamba la uwele, nami sikujua tuendelee vipi. Ulizunguka gari polepole, mkono umeuweka karibu na rimu bila kugusa. Upande wa kulia ukapita. Upande wa kushoto ukarudisha mkono haraka. Ukachukua maji kidogo kwenye chupa, ukanyunyiza kwa ncha za vidole, jinsi unavyojaribu kikaango kabla ya kuweka chapati. Ya kulia yakateremka kimyakimya. Ya kushoto yakalia chiii, yakakauka.

"Huyu anaungua," ukasema. "Breki yake haiachii."

Nikakumbuka basi kwamba gari lilikuwa linavuta kushoto tangu zamani, nami nikiurudisha usukani bila kufikiri.

Hatukurudi kwa wale mafundi wawili. Tulikwenda kwa Fundi Mkumbo, aliyekuwa na kibanda chake nyuma ya soko, mtu mpole anayeongea na vyuma kuliko watu. Ulimsalimia, ukamwambia kila tulichokifanya kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akasema, "Mama, mmenipunguzia nusu ya kazi. Sasa tuone hiyo nusu nyingine."

Alilipiga jeki, akalivua gurudumu la kushoto, akafungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Pini zake zilikuwa zimekauka, na raba imechanika, vumbi na maji vimeingia, kutu imeshika. Kwa hiyo ukikanyaga breki, inabana. Ukiachia, haiachii yote. Diski inasuguliwa njia nzima na kupata moto mpaka inapoteza usawa. Akatuonyesha. Alifunga kipande cha waya, ncha yake ikasogelea diski bila kuigusa, akaizungusha diski kwa mkono. Ilipita kimya, halafu ikakwaruza, halafu kimya, halafu ikakwaruza pale pale. Hakuacha kuizungusha mpaka nasi tukaona.

"Hapo ndipo usukani unapocheza," akasema. "Kila diski ikizunguka, kivimbe hiki kinazisukuma pedi. Yule aliyeweka pedi mpya aliweka godoro jipya kwenye kitanda kilichovunjika."

Diski zote mbili za mbele zikapelekwa kukerezwa ili zilingane. Kalipa ikasafishwa, raba zikabadilishwa, pini zikapakwa grisi yake. Tulikaa pale kwenye benchi la kibanda, mimi na wewe, tukila mihogo ya kukaanga kutoka karatasi moja. Uliniuliza habari za mama yangu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Ijumaa shemeji alikuja na yule mtu wa Nzega. Ulimkaribisha chai, ukamweleza ugonjwa na tiba. Kisha ukasema gari haliuzwi, na kesho yake tunakwenda nalo Nzega wenyewe, na vitunguu vya Mgori. Shemeji akamgeukia kaka yake, labda atamsaidia. Tulikuwa tumemtoa nje akaketi kwenye kiti cha uvivu. Baba Salma alijikusanya muda mrefu, shingo imekaza, tukasubiri wote. "Waende," akasema. Neno hilo moja. Shemeji alikunywa chai yake akaondoka, na ninapenda kusema kwa haki yake kwamba hakutusumbua tena juu ya gari.

Juu ya mteremko wa Sekenke nilisimamisha pikapu. Mzigo ulikuwa mzito nyuma yetu, na bonde lote liko chini, na malori yamejipanga pembeni yanapoa. Tulishuka, wewe upande wako, mimi wangu, tukapitisha mikono karibu na rimu. Joto lilikuwa sawa. Nikaingiza gia ya pili, tukaanza kuteremka. Kwenye kona ya kwanza nilikanyaga breki nikiwa nimebana meno. Usukani ulikaa mikononi mwangu kama mtoto aliyelala. Kona ya pili vilevile. Wewe ulikuwa unasoma dua kwa sauti, kisha sauti ikapungua, kisha nikasikia umenyamaza, nikageuka nikidhani umezimia. Ulikuwa unatazama nje, bonde.

"Kumbe ni kuzuri hivi," ukasema.

Tulipofika chini uliniambia nikufundishe na wewe. Nilikufundisha kwenye uwanja ule wa Mandewa, ukiendesha kana kwamba umebeba mayai, ukimpigia honi kila kuku. Hukupenda, lakini uliweza, na siku Baba Salma alipozidiwa nami niko safarini kwa basi, wewe ndiye uliyemfikisha hospitali. Aliaga dunia akiwa mikononi mwako. Sikukuonea wivu. Nilishukuru kwamba hakuwa peke yake.

Na wewe ukafuata. Sitaandika juu ya ugonjwa wako, kwa sababu ulikataa watu wauzungumzie hata ulipokuwa hai. Nitaandika tu kwamba baada ya arobaini yako walikuja tena wazee, wakasema watoto wako wagawanywe kwa ndugu, maana mimi si mama yao. Sikukaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nilisimama, nikawaambia watoto hawa wamelala nyumba hii, wamekula jiko langu na la mama yao, hakuna atakayetoka. Waliongea sana. Niliwaacha waongee mpaka wakachoka, nikawakaribisha chakula.

Sasa habari yenyewe. Jumapili iliyopita walikuja kumposa Salma. Ni watu wa heshima, wana duka la vifaa mjini, na kijana mwenyewe ana adabu. Msemaji wao akauliza ni nani mama wa binti ili wamsalimie. Shemeji akakohoa, akaanza kueleza kwamba mama yake ni marehemu, Mungu amrehemu. Kabla hajamaliza, Salma akasema kutoka ndani, nyuma ya pazia, kwa sauti uliyomwachia:

"Mama zangu ni wawili. Mmoja ni huyo marehemu. Mwingine ameketi mbele yenu."

Wakanigeukia wote. Wakanipa shikamoo, vijana na hata wale waliokaribia umri wangu. Nikaitika marahaba, na nikaitika kwa ajili yako pia, kwa sababu hukuwepo kuitika mwenyewe.

Nimekubali posa, Mama Salma. Nimekubali kwa niaba yetu sote wawili. Pumzika kwa amani huko uliko, mwenzangu.

Mimi mke mwenzako,
mama wa watoto wetu.