Mpigie Mama Yako

Mwenzangu, ngoja nikupe ya leo. Huwezi kuamini alichofanya yule dada anayefundisha urubani hapa kwetu.

Ametua sasa hivi na Twiga, yule mwanafunzi mrefu. Walikuwa milimani, wingu likashuka. Mwalimu akamwambia, "Geuza sasa, bonde bado ni pana." Twiga akang'ang'ania, eti anaona mwanga mbele. Mwanga gani! Mbele mlima mtupu. Mwalimu akamnyang'anya usukani, wakageuka bawa likikaribia kugusa miti.

Wakaingia ofisini kwangu, Twiga kalowa jasho. Mwalimu akamsogezea simu ya mezani, akawasha spika.

"Mpigie mama yako. Mwambie ulichofanya."

Nikadhani utani. Mpigie mama yako! Twiga akaomba msamaha mpaka akalia. Wapi! Akapiga.

"Mwanangu, umekula?" Mama wa watu ndivyo alivyoanza.

"Mama, leo ningekufa. Nilikatazwa kupita, nikapita."

Mara kishindo, na sauti ya dada yake Twiga: "Umemwambia nini mama? Ameanguka!"

Nikamgeukia mwalimu, nikapayuka, "Dada, huna roho wewe?"

Hata hakunitazama. Alikuwa anamwambia Twiga: "Mwaka jana mama wa mwenzako nilimpigia mimi. Naye alianguka, na mwanawe hakuwepo tena wa kumwinua. Nenda kamwinue wako."

Twiga katoka mbio. Dada yake kanipigia, mama amezinduka.

Ila mwalimu yuko nje, anafunga ndege kamba peke yake kwenye mvua, na mimi sijui nimpelekee chai au nikamtukane.