Kwa Kaka Wasswa: Mbio Ulizozipa Mgongo

Kaka Wasswa mpendwa,

Binti yako Nakato ameniandikia kwamba mtoto wa jicho amekuzidi, na sasa yeye ndiye anayekusomea kila kitu, hadi maandishi ya kwenye chupa za dawa. Basi, Nakato, msomee baba barua hii polepole. Akijifanya amelala, wewe endelea tu. Mimi baba yako mdogo namjua huyo.

Kaka, hapa hotelini Al Mankhool, ninakofanya kazi siku hizi, nawasimulia watu habari zetu na hawaamini. Msimu mzima tulisimama hatua tatu tu kutoka kwenye mbio za farasi za Dubai, na hatukuona hata mkia. Kazi ya mlinzi ilikuwa hiyo: uso kwa watu, mgongo kwa farasi. Kwato zinapita nyuma yetu, ardhi inatetemeka mpaka magotini, nasi tumekaza macho kwenye kofia za mabibi jukwaani kana kwamba ndizo zinazoshindana.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuzifuata mbio kwenye nyuso za watu. "Wewe mudogo, achana na hiyo kipaza sauti," uliniambia siku ya kwanza. "Tazama yule mama ya kofia ya manjano. Farasi yake imebaki nyuma. Sasa tazama ule mzee ya kanzu. Ameacha kupumua. Yake iko mbele."

Na kweli, mzee akaruka juu kama mtoto. Nilikuwa na wiki mbili tu Dubai, nalia kila nikiingia kuoga ili wenzangu wasinisikie, na siku ile nilicheka mpaka nikasahau kusimama wima.

Halafu tukampenda yule farasi jike wa kijivu. Tulimwona mara moja tu, mtunzaji wake akimpitisha getini kwetu. Akasimama kunusa kofia yako, ukamwita Bibi Harusi, na tangu hapo akawa wetu. Kila tukipanda basi la kampuni kurudi kwenye mabweni yetu Muhaisnah tulimtafuta kwenye simu yako, na hatukumpata. Kila video ya mbio ilianza na kofia, ikaja kwa mwenye farasi, ikaja kwa mshindi, ikaishia kwenye kombe. Hao wengine wamekimbia roho mkononi, na hakuna aliyewataja. Nikakwambia asiyekuwepo na lake halipo. Ukakasirika kweli.

"Hii si habari ya mbio," ulisema. "Hii ni habari ya harusi, tena ya upande moja. Mbio ni hao wote."

Mpaka leo nikiangalia mbio kwenye televisheni ya mapokezi, najikuta nakasirika palepale ulipokasirikia wewe. Watangazaji wanajua baba na babu wa farasi, wanajua viatu vya mke wa tajiri, lakini ukitaka kujua aliyemaliza wa sita alikimbiaje, utauliza ukuta.

Nazunguka tu, kaka. Ninachotaka kusema ni kuhusu ile Jumamosi.

Alasiri ile mtangazaji alipandisha sauti, akalitaja jina la Bibi Harusi wetu, jina lake la kweli, kwamba yuko mbele. Nikageuka. Si shingo, mwili mzima. Msimamizi kule juu aliona mlinzi mmoja wa geti letu amewapa watu mgongo, na kwa umbali ule sare zetu zote ni moja. Mbio zilipokwisha akatupanga mstari.

"Nani aligeuka?"

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na wewe ulilijua hilo. Kabla ulimi wangu haujanyanyuka, ulipiga hatua mbele.

"Ni mimi, sir."

"Khalas, basi. Kesho huji hapa."

Ukapelekwa kulinda maegesho ya ghala, mahali ambapo hata punda hapiti, mpaka mkataba wako ukaisha ukarudi kwenu Masaka. Nami nikajikausha. Hilo peke yake linatosha kuniona mbaya, lakini liko lingine linaloniuma zaidi. Ndani ya basi uliniuliza neno moja tu: "Uliona?" Nikaona haya kufurahia kitu kilichokuponza. Nikakujibu kwamba jua lilinipiga machoni, sikuona kitu. Ukatazama dirishani hadi tukafika.

Nilikudanganya. Nisamehe, kaka. Niliona kila kitu, na siwezi kukuaga kabla sijakupa mbio zako.

Alikuwa mbele peke yake. Jasho lilikuwa limemgeuza mweusi, masikio ameyalaza, mchanga unaruka mpaka usoni kwangu. Farasi mmoja mwekundu akamkuta mwishoni kabisa, akampita kwa pua. Hilo ulilisikia kwenye kipaza sauti: wa pili. Kamera zote zikamkimbilia mwekundu. Mimi nikabaki na wetu.

Wapandaji wote wakalegeza hatamu, farasi wakapunguza mwendo. Yeye hakupunguza. Akampita yule mwekundu, masikio sasa ameyasimamisha, akaikata kona peke yake, anakimbia tu kwa raha zake, kama ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamekwisha. Uwanja mzima ulikuwa unatazama kombe. Niliyemtazama yeye ni mimi peke yangu.

Sasa tuko wawili.

Mdogo wako,
wa geti la tatu