Datsun ya Shariffa Imepata Injini

Mwanangu Shurooq, hapa Khuwair sote tu wazima.

Maskati nzima injini haibadilishwi mpaka niulizwe mimi, ami yako. Mafundi wakiniona huzima redio. Ile Datsun yetu kuukuu nimeitia injini nyingine. Rejeta nimechagua kubwa, kwa joto hili, na mipira ya kukalia injini nimeirudisha dukani mara mbili.

Tulibishana kwa giaboksi tu. Fundi Otieno, Mkenya, alitaka tubakishe ile ya zamani, ya kubadilisha gia kwa mkono na kukanyaga klachi. Nikamwambia nataka otomatiki.

"Sasa mzee, mguu wa kushoto utaupa kazi gani?"

"Utapumzika."

Kiti cha dereva kiko pale pale alipokiacha marehemu mke wangu, Shariffa. Sijakisogeza.

Umeuliza nani atakupokea kiwanja cha ndege. Nitakuja mimi, kwa teksi. Datsun nimeitengeneza nipate kwenda mwenyewe kaburini kwa Shariffa, nikae nnavyotaka, bila ya mtu kunipigia honi. Lakini kuendesha sijui, mwanangu. Miaka yote akiniendesha Shariffa. Otomatiki nasikia nyepesi. Utanifunza alfajiri, majirani hawajaamka.

Ami yako,
Humaid