Kitimoto Ndani ya Sufuria ya Msabato

Mama Mwishehe, shikamoo, mimi msomaji wako wa Chamazi naomba unisaidie maana nyumba yangu imekuwa kimya mpaka nasikia friji linavyonguruma, mke wangu Herieth amebeba mtoto ameenda kwa dada yake Mwenge na simu hapokei.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, yeye Msabato, tulifunga ndoa ya mseto kwa ruhusa ya padri na miaka ya mwanzo hatukuwa na shida kwa sababu, niseme ukweli, mimi kanisani nilikuwa wa Krismasi na Pasaka tu, Jumamosi yeye anasali mimi naangalia mpira, shida imeanza nilipochaguliwa katibu wa jumuiya ya mtaani, na jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, siku ambayo mwenzangu tangu Ijumaa jua likizama hapiki, hafui, hatumi mtu dukani, sasa wewe fikiria wageni wanakuja kusali kwangu na mke hayupo, watu wakaanza kuniuliza, "Baba Gladness, vipi, shemeji yetu anatukimbia?" nikawa najiona mume jina tu.

Jumamosi iliyopita ilikuwa sikukuu ya somo wetu, yaani mtakatifu ambaye jumuiya inaitwa kwa jina lake, na chakula kilikuwa kwangu, Herieth hakukataa, Ijumaa mchana alikaanga maandazi beseni zima, akapanga vikombe, akaniambia, "Baba Gladness, mie kesho nipo kanisani na mtoto, kila kitu kipo mezani," lakini mimi nilitaka sherehe ionekane sherehe, nikanunua kitimoto, nyama ya nguruwe ambayo Msabato haigusi, mwenyekiti wetu Mama Tekla akasema tukachukue sufuria za jumuiya, nikamjibu mbele za watu kwamba nyumba hii ni yangu na haina sufuria ya Kisabato, nikaitoa ile kubwa ambayo Herieth alipewa na mama yake siku ya kuagwa kwao akija kuolewa, tukapikia hiyo.

Aliporudi hakupiga kelele, aliifunua, akaangalia, akaitoa nje ya mlango, akaanza kufungasha nguo, nikaona nijishushe nikasema basi tusali kwanza pamoja, Gladness atuongoze, ana miaka sita huyo, mtoto akanijibu, "Mie sisali tena. Kila nikisali mnanisema," labda kwa sababu mezani mimi humkumbusha aanze na ishara ya msalaba na mama yake humwambia afumbe macho aombe kwa maneno yake mwenyewe, basi wakaondoka.

Naomba unielekeze, Mama, nifanyeje ili mke akubali kumfuata mumewe, maana hata Biblia imesema.

Erasmus, Chamazi

*

Marahaba, Erasmus. Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikanywa maji, nikaisoma tena. Bado umenichosha.

Ujue kwanza unaongea na nani. Mimi ni Muislamu, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zenu sitawaamulia, wapo wenye kazi hiyo. Kitimoto sijui hata ladha yake. Lakini sufuria aliyopewa mwanamke na mama yake naijua vizuri sana, baba, na hapo ndipo ulipoharibu.

Unadai mkeo anaikimbia dini yako. Wapi? Aliyesimama juu ya mafuta ya moto Ijumaa mchana, akikimbizana na jua ili wageni wa kanisa lako wasikae na njaa, huyo ndiye unayemshtaki kwangu? Hata hayo maandazi hukusema kama yaliliwa. Mama Tekla, Mkatoliki mwenzako, alikuonyesha njia nyepesi, ukampa jeuri. Usimsingizie mtakatifu wa watu. Ulitaka majirani wamwone mwenye nyumba. Haya, wamemwona, kabaki peke yake na friji.

Na Biblia unayonitajia, soma na mstari unaomwambia mume ampende mkewe. Ruhusa ya ndoa uliiomba kwa mdomo wako, ukijua unamwoa Msabato. Ulidhani Jumamosi zake zitapita kama mafua?

Lililoniuma zaidi umelichomeka mwishoni kana kwamba ni kandambili imepotea. Wagombanapo tembo ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe zina miaka sita. Mnagombea namna ya kumsalia Mungu mpaka mtoto kaamua kuacha kabisa. Hapa hata Herieth simwachi. Kama unasoma, mwanangu, na wewe una lako.

Sasa sikiliza. Sufuria hiyo usiisugue ukairudisha kabatini kama hakikutokea kitu. Wape jumuiya. Nunua nyingine uipeleke Mwenge mwenyewe, usitume mtu, na tafadhali usiende Jumamosi. Haitakuwa ya mama yake, utaliona hilo usoni kwake, uvumilie. Uombe radhi, na neno "lakini" uliache Chamazi. Zamu ya jumuiya ikirudi kwako, pikeni kwa sufuria za jumuiya, na nyama hiyo ipikiwe kwa Mama Tekla. Anayeuliza shemeji yuko wapi, mjibu yuko kanisani. Ni jibu zuri tu.

Siku mtakapokaa tena mezani watatu, mwacheni Gladness asali. Akianza na msalaba, sawa. Akifumba macho, sawa. Akigoma, msimlazimishe, anza wewe Erasmus, kwa namna ya mama yake. Akiamua kusali, msimsahihishe hata neno moja. Semeni Amina. Hiyo hata mimi naisema.