Kisa cha Picha ya Mshipa

Jumatatu, 3 Machi. Kasongo
Nimemeza dawa zote nne. Chai bila sukari, muhogo wa kuchemsha. Wiki ya tatu tangu nirudi kutoka Nairobi, na Donatien hajaja kunisalimia. Mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Namkumbuka hadi inauma.

Jumanne, 4 Machi
Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Mwaka jana nilikula kwake, Wamaza. Bugali na sombe ya majani ya muhogo. Tulipomaliza, kabla hatujanawa, kifua kikanibana, mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likanitoka. Mbele ya majirani nikasema: "Wamenipa sumu." Mimi, mwalimu mzima! Wakaninywesha mawese nitapike. Donatien akaapa kwa kaburi la mama kwamba hakutia kitu. Sikumwamini. Tangu siku ile hakuna anayegusa chakula cha nyumba ile. Mke wake alikuwa akiuza unga sokoni. Ameacha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeitazama tena picha niliyorudi nayo. Kule Nairobi waliniingiza mkononi uzi mwembamba wenye kamera, ukapanda hadi kwenye mishipa ya moyo. Ndani ya mshipa wangu kuna duara jeusi. Upande mmoja ukuta umevimba kwa mafuta, umepasuka, damu imeganda pale pale. Nilimwuliza daktari kama sumu inaweza kufanya vile. Akasema hapana, mafuta hayo yamejikusanya miaka mingi. Wengine wangeshukuru Mungu. Mimi niliona aibu tu.

Jumamosi, 8 Machi
Sijaenda kwa Donatien. Moto za kubeba abiria zipo, mvua imetulia, kisingizio sina. Ni woga.

Jumapili, 9 Machi. Wamaza
Nimetoka alfajiri, nimefika saa nane, mgongo hoi. Nikawaita mwenyewe majirani walewale. Nikawaonyesha picha, nikasema nilikosea, sumu haikuwapo. Wakapokezana ile karatasi, wakaguna. Kumbe ni mafuta. Mama mmoja akaomba maji ya kunywa, mke wa Donatien akamletea, akanywa yote. Nikafikiri yamekwisha.

Walipoondoka, Donatien akanirudishia picha. Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Yaya, mkubwa wangu, mimi nilikuambia kwa kinywa yangu. Haukuamini. Ukangoja picha."

Nikaikunja picha, nikaitia mfukoni. Wamenipa kitanda kizuri na maji ya moto ya kuoga. Heshima yote iko. Ndugu yangu ndiye hayuko.

Jumatatu, 10 Machi
Njiani siku nzima. Nimechoka. Sitaki kuandika.

Jumatano, 12 Machi. Kasongo
Mvua tangu asubuhi. Nimekwenda kituo cha afya kupimwa presha. Imeshuka, muuguzi amefurahi. Amenipa fomu mpya nijaze. Jina, umri, ugonjwa. Chini kabisa wanauliza nani aitwe nikizidiwa. Nimekaa na kalamu muda mrefu, watu wakisubiri nyuma yangu. Nimeandika Donatien. Sijui kama atakuja.