Mbuzi Wako Nimewazika

Mkata, Handeni,
14 Juni 1908.

Mpendwa mdogo wangu Sadala,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mombo, wewe na wenzako wa kazi ya reli. Kifua kimepona? Mama ananiuliza kila siku, nami sina la kumjibu kwa sababu wewe kuandika ni mvivu. Sisi hatujambo. Mahindi yamestawi, maana mvua ya mwaka huu ilinyesha mpaka tukaichoka, na mbu wamejaa hata ndani ya vyungu.

Barua yako niliipata. Uliniagiza kwamba katika wale mbuzi wako wanane wa mahari, yeyote atakayezidiwa nimwahi kwa kisu kabla hajafa, tusikose nyama na ngozi. Sadala, sikufanya hivyo. Wote wanane wamekufa, nami nimewafukia bila kuchinja hata mmoja. Kasirika kwanza, halafu endelea kusoma.

Ugonjwa ulianza baada ya mvua. Mbuzi waliharibu mimba katika kila zizi, na vitoto vilivyozaliwa havikumaliza siku mbili. Watu wakafanya kama siku zote: mnyama akianza kutetemeka anachinjwa upesi, asije akawa kibudu. Baada ya siku nne tano, wao wenyewe wakaanza kuugua. Homa, kichwa, mgongo. Wengi walipona. Wengine macho yaligeuka manjano, damu ikawatoka puani na kwenye fizi, wakafa.

Watu wakasema ni uchawi, wakaanza kumtazama vibaya bibi Tatu, kikongwe wa watu asiye na kosa. Mimi ni mbishi, unanijua. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza nani alifanya nini. Walioumwa ni waliochinja, waliochuna, na mwanamke mmoja aliyemzalisha mbuzi kwa mikono yake. Waliokula tu nyama iliyochemka sana hawakupata neno. Nikaona jambo liko kwenye damu mbichi. Basi mbuzi wako, kila aliyekufa nilimburuta kwa kamba, nikamtia katika shimo refu. Maziwa nayo hatunywi mpaka yachemke.

Sasa habari ya mzee Rehani, baba yake Mashavu, mchumba wako. Unajua yeye ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu hapa. Mbuzi wako walipoanza kutetemeka, alikuja na kisu chake, akasema hawa ni mahari ya binti yangu, siwaachi waoze. Nikasimama mlangoni mwa zizi nikamkatalia. Alinitukana mbele ya watu, akasema uchumba umevunjika. Kisha akaenda kwa jirani, akachinja watatu asubuhi ile ile. Siku ya tisa tulimzika.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja mapema. Nilimzuia kwangu, lakini sikumfuata kwa jirani, kwa sababu matusi yake yalikuwa yameniudhi. Hilo linaniuma kuliko mbuzi wote wanane. Tangu siku ile hakuna tena anayemgusa mnyama mgonjwa kwa kisu, ila somo limetugharimu mtu.

Huko Mombo nyama ikiuzwa rahisi usiikimbilie, kama hukumwona mnyama akitembea kwa miguu yake. Na ukilala bila moto wa kufukuza mbu, utakuwa umejitakia homa.

Juzi nilikwenda kutoa pole kwa mama yake Mashavu. Alinijibu kutoka ndani, maana yumo edani. Akauliza mbuzi wako wamebaki wangapi. Nikasema hakuna.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Mwantumu, na watoto wote. Barua hii anakuletea Semboja, muuza tumbaku, anayekwenda kupanda gari la moshi Korogwe. Mpe chakula, usimwache arudi na njaa. Mungu akufunike kwa rehema zake, akurudishe salama.

Nilikaribia kusahau jibu la mama yake Mashavu. Alisema: “Mwambie Sadala aje hivyo hivyo. Aliyekuwa awapokee mbuzi hayupo.”

Kaka yako akupendaye, asiyejua kubembeleza,

Mwinjuma