Maneno ya Yuliana kwenye Tovuti ya Mjomba

Jumamosi, 7 Septemba

Sijamwambia mtu. Hata kwenye kitubio sikusema, nilitaja uvivu na hasira, basi. Maneno yaliyo kwenye tovuti ya mjomba si yangu. Ni ya Yuliana. Nimeyaiba.

Ilikuwa hivi. Mjomba Castory, ninayeishi kwake, ana chuo cha kazi za hoteli hapa hapa Kihonda, vyumba viwili vya uani. Wanafunzi walibaki wanne. Akamwita kaka Abdulatif, aliyemaliza chuo kikuu Mzumbe, aangalie kwa nini tovuti haileti watu. Kaka akaifungua kwenye simu yake. Ikazunguka, ikazunguka, chai ikapoa. Akamwuliza mjomba anamtafuta nani hasa. Mjomba akasema wasichana wa milimani, wa Gairo, waliofeli au wanaoelekea kufeli.

Kaka akacheka. Sasa huyu mzungu mwenye tai kwenye picha anamwuzia nani? Binti ana bando la mia tano, unamwambia "excellence"! Toa picha nzito, weka Kiswahili, maneno machache. Na yaandikwe na mtu anayejua huyo binti akilala anawaza nini.

Mjomba akanitazama mimi. Mimi! Mwalimu akiniuliza swali tu masikio yanawaka. Lakini ada ya shule yangu ya Kiingereza analipa yeye. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku mbili karatasi tupu. Kiingereza kilikuja, Kiswahili hakikuja. Halafu nikamkumbuka Yuliana, mtoto wa mama mkubwa, kule Kinole. Likizo ya Juni tulikuwa tunaanika mdalasini, akaniambia mitihani ya Mei amepata ziro. Kwamba kila akisikia pikipiki inashuka kwenda mjini anashika mgomba, anaubana hasa, asije akaikimbilia. Akasema, "Nimekwambia wewe tu. Wewe husemi."

Nikaandika: Ukisikia pikipiki inashuka mjini, unashika mgomba usije ukaikimbilia? Uachie. Njoo. Miezi mitatu, kazi ya hoteli uhakika.

Kaka Abdulatif alisoma mara mbili, akasema huyu mtoto ni hatari. Nikafurahi. Siku nzima nilifurahi. Hiyo ndiyo dhambi yenyewe, nadhani.

Alhamisi, 19 Septemba

Simu hazikatiki. Wapya kumi na wawili. Mjomba ananiita meneja.

Madam Rehema, mwalimu wao, aliondoka Julai. Hakuna mwingine. Kitanda cha mazoezi ni kimoja. Wanatandika, wanatandua, wanatandika. Leo mmoja kauliza hoteli ya kwenda kujifunzia ni ipi. Mjomba kasema taratibu zinaendelea.

Nilijua. Wakati naandika "uhakika" nilijua hakuna hoteli.

Jumapili, 29 Septemba

Nimetoka misa, nimemkuta Yuliana sebuleni. Begi la shule limejaa nguo.

Yuko kidato cha nne. Mtihani wa taifa ni Novemba!

Anasema aliazima simu ya jirani, akaiona tovuti, akalia. Nikajua kashanigundua. Nikasubiri anizabe kibao. Akanishika mkono. "Lucy, lile la mgomba sikumwambia mtu ila wewe, na wewe nakujua, husemi. Kwa hiyo ni Mungu tu. Ameniita."

Nikamwambia twende akanawe miguu.

Jumatano, 2 Oktoba

Baba yake amekuja, mzee Mikaeli, na mkungu wa ndizi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuomba kazi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo baba mzazi anabembeleza. Aliomba binti akafanye mtihani tu, hata akipata ziro awe ameufanya.

Mjomba hakumgombeza. Kasema kwa upole, "Shemeji, wenzake watapata matokeo, yeye atakuwa ameshapata mshahara."

Kinachonitisha: anaamini. Ameisoma ile tovuti mara nyingi mpaka imemwingia.

Mzee kaondoka bila kula.

Jumanne, 15 Oktoba

Kaka Abdulatif anasema sasa unatakiwa ushuhuda. Binti humwamini binti mwenzake. Mjomba kampiga Yuliana picha, kashika trei, kavaa shati jeupe la madam Rehema, limemzidi mabega. Chini yake niandike mimi. Kwamba ni wa Kinole, amemaliza, yuko kazini. "Kwa utamu ule ule wa mwanzo, meneja."

Sijaandika.

Jumatano, 16 Oktoba

Mwalimu wa darasa lake kapiga simu, nimepokea mimi. Jumatatu akiwepo shuleni watampokea, watamsaidia kurudia masomo kabla ya mtihani. Ikipita hapo, mwalimu hawezi kumtetea tena kwa mkuu.

Yuliana kaniuliza. "Wewe ndiye msomi wetu. Nirudi, au nikae?"

Nilisema sijui.

Sijui! Lugha mbili kichwani, na hilo ndilo lililotoka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Saa sita mchana. Gari la Kinole linaondoka saa nane, kesho hakuna. Mjomba yuko mjini na kaka Abdulatif, wanaungoja ushuhuda. Yuliana anafua mashuka uani, yale yale ya kitanda cha mazoezi. Anaimba.

Mdomo wangu siuamini, kwa hiyo nimeamua asome. Naandika kwenye karatasi ya nyuma ya daftari hili, niichane nimpe mkononi. Nimeandika hivi:

Yuliana, hakuwa Mungu. Nilikuwa mimi. Nilichukua ulichoniambia nikakiuza. Hapa hakuna mwalimu. Hakuna hoteli, haijawahi kuwepo. Rudi nyumbani leo. Nauli ninayo. Unichukie, lakini panda gari.

Nimesoma tena. Ni kweli yote. Ni fupi. Hata kaka Abdulatif asingepata cha kupunguza.

Maji yamefungwa bombani. Kandambili zinaburuzwa kwenye korido. Si mjomba, ni yeye. Yuko peke yake. Anauliza, "Lucy, upo?"

Karatasi nimeshaichana, ninayo. Mlango sijafunga. Ni kunyoosha mkono tu

mkono wa kushoto umeshainua godoro kuificha